Tanga ilikuwa ya pili kwa Dar mwaka 1967, leo inashika mkia kwenye majiji. Nini kilitokea?

Mwana Makorora:
Wakuu habari za jioni. Nilikuwa natafuta takwimu za sensa kwa shughuli zangu nyingine kabisa nikakutana na kitu kimenikera. Sensa ya 1967, ukiweka Zanzibar pembeni, mji wa pili kwa wingi wa watu baada ya Dar ni Tanga. Elfu 61 hivi. Mwanza wako elfu 35, Arusha 32, Dodoma hawafiki hata 25. Sasa njoo sensa ya 2022: Jiji la Tanga watu 393,429. Mbeya 541,603, Arusha 617,631, Dodoma 765,179, Mwanza ukijumlisha Nyamagana na Ilemela unavuka milioni moja na laki. Yaani majiji sita ya bara, wa mwisho ni sie. Bahari tunayo, bandari tunayo, reli ilianza kujengwa kwetu 1893 wakati Dar hawajaota hata taruma moja. Tatizo nini? Nataka majibu ya maana, wale wa "Watanga wavivu" kuna uzi wenu mwingine.

Chai Maziwa:
Watanga wavivu.

Nimewahi.

Mwana Makorora:
Chai Maziwa nilijua tu 😂

Mzee wa Korona:
Marahaba kwa wote, maana humu ndani naona mimi ndio mkubwa. Vijana mnahangaika bure, jibu ni neno moja, mkonge. Mimi nimezaliwa kambini, shamba la mkonge upande wa Muheza, mzee wangu alitoka Kasulu akaja na mkataba wa manamba na hakurudi tena. Kambi nzima ilikuwa hivyo, Waha, Wabena, Wamakonde wa Msumbiji, Warundi, Mbondei mwenyewe alikuwa mgeni kwenye ardhi yake. Jani linaingia korona, ile mashine ya kukwangua mkonge, upande huu bichi la kijani, upande wa pili inatoka singa, yaani nyuzi, nyeupe inachuruzika maji ya kuwasha, ukiyagusa siku ya kwanza mikono inachachuka mpaka kwenye viwiko, wanawake wanazitandaza juani kwenye nyaya, zikikauka zinapelekwa brashi, halafu mashine inazikandamiza ziwe robota, furushi kubwa, robota inapanda behewa, behewa Tanga. Hiyo ndio ilikuwa kazi ya mji. Wenye ofisi, makuli, wenye maduka Uhindini, fundi cherehani, mama ntilie, wote walikula kwa robota. 1964 nchi hii ilitoa tani kama laki mbili na elfu 30, hakuna nchi duniani iliyotufikia. Halafu ikaja kamba ya nailoni, bei ikaanguka, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, mengine yakawa pori. Leo hata theluthi ya ile hatufiki. Mji wa robota bila robota unategemea uwe na watu gani?

Kidau cha Sahare:
Mzee wangu shikamoo, umeeleza vizuri ila mie nakataa kidogo. Mkonge ulikufa kote, hata Morogoro na Kilosa mashamba yalikuwepo na Morogoro haijalala hivi. Tatizo letu ni kina cha maji bandarini. Ghuba ya Tanga ukiitazama kwenye ramani nzuri sana, imejificha, Raskazone upande huu, kisiwa cha Toten katikati, mawimbi hayaingii. Lakini mito miwili, Zigi na Mkulumuzi, inamwaga tope lake humo humo miaka yote. Gatini kina kilikuwa mita 3 hivi. Meli kubwa ilikuwa inatia nanga huko nje, mzigo unashushwa kwenye matishari, tishari linavutwa mpaka gatini, kuli anashusha tena. Kazi moja inafanywa mara mbili. Wewe mfanyabiashara wa Arusha utapitisha kontena lako hapo au utaenda Mombasa?

Segera Njiapanda:
Wote mmezunguka. Tazameni barabara. Ukitoka Dar unakwenda Moshi na Arusha unafika Segera unakunja kushoto, Tanga iko kulia kilomita 70 huko. Basi zote za kaskazini, malori yote, watalii wote, wanakula Korogwe wanachimba dawa Mombo, hakuna anayeiona Tanga. Tanga ni mji wa kwenda kwa makusudi, hupiti njiani. Mji ambao hakuna anayepita hauwezi kukua, angalieni Chalinze palikuwa hapana kitu pale, leo nyama choma saa nane za usiku.

Chai Maziwa:
Kwa hiyo suluhisho tuhamishe jiji lije Segera?

Segera Njiapanda:
Ndio, na we uje uuze hiyo chai.

Takwimu Tu:
Samahani nimechelewa, nimesoma zote. Kuna mambo mnachanganya.

Kwanza mleta uzi, ile elfu 61 ya 1967 ni mji peke yake. 393,429 ya 2022 ni eneo zima la halmashauri ya jiji, karibu kilomita za mraba 600, ndani yake kuna Tongoni, Chongoleani, Mabokweni, Pongwe, watu wanaolima mihogo na kuvua pweza. Kwa hiyo ukitafuta mji hasa, wenye nyumba zimeshikana, ni mdogo kuliko hiyo namba. Lakini na Dodoma vilevile, ile 765,179 ni eneo linalozidi kilomita za mraba 2,500, kuna vijiji vya wafugaji mle. Msilinganishe embe na chungwa.

Pili, Mzee wa Korona, kwa heshima, Mwanza ilishatupita kwenye sensa ya 1978, wao kama elfu 110 sie 103. Na sie wenyewe kutoka 61 kwenda 103 ndani ya miaka kumi na moja sio kufa, huko ni kukua. Mkonge ulikuwa umeshaanguka wakati huo. Mbona mji uliendelea kujaa?

Tatu na hili ndio kubwa. Kati ya 2002 na 2012 jiji lilitoka kama elfu 243 mpaka 273,332. Asilimia 12 kwa miaka kumi, wakati nchi nzima iliongezeka asilimia 30. Hapo ndio tulilala kweli. Halafu 2012 mpaka 2022 tumeongezeka asilimia 44. Nchi 37. Dar 23. Narudia, Dar 23. Kwa kasi ya muongo wa mwisho Tanga inaikimbia Dar. Kwa hiyo swali lenu la "kwa nini Tanga inakufa" mnauliza wakati mgonjwa keshatoka wodini.

Mwana Makorora:
Takwimu Tu umetisha mkuu. Ila asilimia 44 ya kidogo ni kidogo. Dar hiyo 23 yake ni zaidi ya watu milioni moja wameongezeka. Sie laki moja na elfu 20.

Mzee wa Korona:
Kijana wa takwimu, mji ulijaa baada ya 1967 kwa sababu serikali ilileta viwanda. Mbolea, chuma, saruji, kamba na magunia. Waliotoka makambini mkonge ulipodorora waliingia mjini kutafuta humo. Halafu viwanda navyo vikaanza kufunga kimoja kimoja. Mbolea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ndio ukapata hiyo asilimia 12 yako. Mkonge uliua mara mbili, mara ya pili kwa mkono wa mwanawe.

Bi Chumbageni:
Salaam kwenu. Naona wanaume mnabishana bandari na reli, mie niwape ya nyumbani. Sie kwa mama yetu tumezaliwa tisa, barabara ya 8 Ngamiani. Aliyebaki Tanga ni mie na kaka mmoja mgonjwa. Waliobaki wawili Mbagala, mmoja Kigamboni, mmoja Temeke, mmoja Mombasa, mmoja Muscat, mmoja sijui, yupo Afrika Kusini huko hata simu hapokei. Karani wa sensa alipokuja 2022 alikuta watu watatu kwenye nyumba ya vyumba sita. Chumba cha mbele kimefungwa kitasa na magodoro yamepangwa mpaka darini yanasubiri Idi. Idi ikifika humo ndani watoto wanalala mpaka ukumbini, kuna waliolala kwenye mikeka kama pilau ya harusi inavyopangwa sahani, jumatatu wote hawapo. Sasa nyie mnataka Tanga iwe na watu wakati watu wa Tanga wamehesabiwa Dar? Nendeni Temeke muulize nani ni wa wapi.

Mdigo wa Mwambani:
Bi Chumbageni umesema kweli tupu. Waja leo waondoka leo, watu wakadhani ni mapenzi tu 😅

Chai Maziwa:
Mie nilikwenda Tanga kwa wiki moja nikakaa miaka miwili na mke nikapata huko. Kwa hiyo kuna watu tunaongeza sensa kimya kimya.

Bi Chumbageni:
Na uvivu ulipungua au uliuongezea huko?

Chai Maziwa:
Bibi nisamehe 🙏

Msambaa Mjini:
Mimi ni wa Lushoto naishi Kange. Jamani tazameni mkoa sio jiji. Mkoa wa Tanga una watu 2,615,597. Jiji ni kama asilimia 15 tu ya hao. Watu wapo, ila wapo milimani na Handeni na Kilindi na Korogwe. Swali ni kwa nini hawashuki Tanga. Sasa nawaambia kwa nini, nyumbani tunalima karoti, kabichi, hoho, viazi. Gari ya mboga ikitoka Soni inashuka Mombo usiku, inafika Segera inashika kulia, haigeuki kwenda Tanga, inanyoosha Chalinze mpaka sokoni Dar alfajiri. Machungwa ya Muheza hivyo hivyo, na Muheza ipo hapo puani, ni Dar au yanavuka Horohoro kwenda Kenya. Mkulima wa Usambara hana shida na Tanga mjini zaidi ya hospitali ya Bombo au kesi. Kijana wake akitafuta maisha anafuata lile gari la karoti. Naungana na Segera Njiapanda hapo juu, sio utani.

Segera Njiapanda:
Nilisema. Ila mkuu, pale Segera mimi nilisema Tanga ndio iko kulia.

Msambaa Mjini:
Wewe uliyesema Tanga iko kulia ulikuwa unatokea Dar, mimi natokea Mombo, kwangu Tanga iko kushoto. Tusipoteze watu.

Mdigo wa Mwambani:
Mie naongeza ardhi. Hebu fikirieni mji huu umekaaje. Kaskazini na mashariki bahari na mikoko. Kusini Mwambani na Tongoni ni mawe na minazi ya watu. Magharibi, ambako mji ungepanuka, mashamba ya mkonge yamezunguka kuanzia ukoloni, ardhi ina hati ya miaka tisini na tisa, hata pori likiota ni la mwenye hati. Arusha na Mbeya mtu alinunua shamba la mahindi akakata viwanja. Huku ungenunua kwa nani? Ukibahatika kupata Pongwe au Maweni unakuta chini ni mwamba wa chokaa. Mdogo wangu kachimba shimo la choo Kiomoni, futi nne tu sururu ikaanza kutoa cheche, fundi akaweka kifaa chini akasema ongeza hela au nijenge choo cha juu kwa juu. Ule ni mwamba mmoja na mapango ya Amboni, ndio huo huo wanaopasulia saruji. Viwanda vya saruji vinaupenda, mwenye shimo la choo haupendi.

Takwimu Tu:
Hoja ya ardhi inavutia lakini inabidi uniambie mbona 2012 mpaka 2022 watu wakapata pa kujenga? Mkonge ulihama?

Mdigo wa Mwambani:
Mashamba mengine yamekatwa vipande yakagawiwa, na Kange, Pongwe, Masiwani imejengwa yote. Ndio ninachosema, ardhi ilipofunguka watu wakaja.

Kidau cha Sahare:
Au bandari ilipoanza kuchimbwa watu wakaja. 2019 wameanza kuchimba, mita 3 zikawa 13, gati mbili zikaboreshwa urefu mita 450, sasa meli inafunga gatini kabisa. Tishari limekwisha kazi. Jirani yangu alikuwa nahodha wa tishari, sasa ana bodaboda.

Takwimu Tu:
Sensa ilikuwa Agosti 2022, bandari ndio kwanza ilikuwa inamalizika. Haiwezi kueleza ongezeko la kuanzia 2012.

Kidau cha Sahare:
Wewe unataka watu waje na risiti?

Zinjibari ya Zamani:
Jamani mie ni wa Bagamoyo, naomba kiti. Mnalia nini? Sie tulikuwa mji mkuu wa Wajerumani, wakahamia Dar 1891 kwa sababu pwani yetu ni ya mchanga mrefu meli za moshi hazisogei. Tangu hapo miaka mia na thelathini na kitu tunaahidiwa bandari. Nyie kina chenu kimechimbwa mnakaa kubishana nani aliwahi kuwa wa pili. Njooni muone wa kwanza anavyoishi 😂

Bi Chumbageni:
Karibu mwanangu. Bagamoyo angalau mna wasanii.

Mwana Makorora:
Na Kenya je? Hakuna aliyegusa. Mpaka ulifungwa Februari 1977 ukafunguliwa Novemba 1983. Tanga na Mombasa ni damu moja, Wadigo wapo huku na kule, Wasegeju huku na kule, harusi, misiba, biashara ya nguo na baiskeli. Karibu miaka saba hakuna kupita Horohoro kihalali. Babu yangu alikuwa analeta vipuri vya baiskeli toka Mombasa, alifunga duka mwaka huo huo na hakulifungua tena. Nadhani hapo ndipo Mwanza walipotuacha.

Takwimu Tu:
Moshi na Arusha nao wapo mpakani na Kenya, walifungiwa Namanga na Holili. Mbona Arusha haikudumaa?

Mwana Makorora:
Arusha wana tanzanite na twiga mkuu. Sie tuna pweza.

Kusi na Kaskazi:
Na silikanti! Msisahau, samaki wa mamilioni ya miaka anavuliwa Tanga. Hiyo inaonyesha bahari yetu ina kina kirefu sana kwa hiyo ile hoja ya mita 3 haina mashiko.

Kidau cha Sahare:
Kaka yangu 😂😂 silikanti anavuliwa nje kule upande wa Kigombe na Mwarongo, jarife la papa linashushwa zaidi ya mita mia moja ukingoni mwa mkondo wa Pemba. Haogelei gatini. Ndio maana hifadhi yake iliyotangazwa 2009 inaanzia huku inashuka kusini kufuata pwani. Wewe unafikiri ameegesha pale kwenye boya?

Kusi na Kaskazi:
Basi ijengwe bandari huko kwenye kina.

Mdigo wa Mwambani:
Hiyo ndio Mwambani unayoisema, tumeahidiwa bandari ya maji marefu tangu mie nasoma. Mzee wa Bagamoyo sogea tukae wote.

Askari Kanzu:
Wakuu mmesahau nyuki. Novemba 1914 Mwingereza alileta wanajeshi kama elfu 8 kutoka India wakashukia Raskazone, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana askari elfu moja hivi, vita ikapigwa kati ya mikonge na mipira, nyuki wakatibuka wakawang'ata wote bila ubaguzi, Mwingereza akarudi melini. Sasa fikiria Tanga ingechukuliwa siku ile, labda Mwingereza angeifanya makao makuu.

Takwimu Tu:
Waliichukua 1916 bila shida na hawakuifanya. Dar ilikuwa imeshajengwa.

Askari Kanzu:
Bado nyuki walichangia.

Msambaa Mjini:
Askari Kanzu hebu nisaidie, wewe ndio unashinda pale makaburi ya Wajerumani na kofia?

Fundi Baiskeli:
Mimi nina hoja ndogo. Wote mnaona watu wachache ni ugonjwa. Mimi natoka Nguvumali kwenda mjini kwa baiskeli, njia tambarare, sitoi jasho, foleni sijui ni kitu gani. Wakoloni waliupanga mji kwa ubaguzi, Wazungu Raskazone na Bombo upande wa upepo, Wahindi katikati, Waafrika Ngamiani ng'ambo ya reli, lakini Ngamiani wakapewa mitaa iliyonyooka yenye namba, mpaka leo mgeni hapotei. Maji ya bomba toka Mabayani yanatoka. Ndugu zangu Dar wanaamka saa kumi ya usiku kuwahi daladala. Sasa mnataka tuwe milioni mbili ili iweje?

Mwana Makorora:
Fundi, mji mdogo ni raha kwa mwenye kazi. Mie nina diploma na nasubiri.

Fundi Baiskeli:
Hapo sina jibu mdogo wangu.

Bi Chumbageni:
Na mafuta ya Uganda je? Wanasema bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani hapo, matangi yanajengwa. Wanangu wameanza kupiga simu wanauliza kama chumba cha mbele kipo.

Kidau cha Sahare:
Ujenzi unaajiri wengi, bomba likishaanza kupitisha wanabaki walinzi na mainjinia. Mafuta hayahitaji kuli. Msiweke matumaini yote pale. Mie naona ile barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani mpaka Tanga na daraja la Pangani ndio italeta watu, Segera itakuwa haina ulazima tena.

Segera Njiapanda:
Naona ni vita sasa.

Mzee wa Korona:
Barabara hiyo hiyo itakayoleta watu ndiyo itakayowapeleka Dar haraka zaidi. Reli ilipounganishwa na ya kati 1963 kupitia Mnyusi na Ruvu tulishangilia hivi hivi, kumbe mzigo wa kaskazini nao ukapata njia ya kwenda Dar bila kupita kwetu. Hilo hakuna aliyelisema humu.

Takwimu Tu:
Mzee hiyo ya 1963 sikuwa nimeiweka kwenye hesabu. Ila bado haielezi kwa nini 1978 tulikuwa bado juu ya Arusha.

Mzee wa Korona:
Wewe kila kitu hakielezi. Njoo Muheza nikupikie kisamvu tuongee vizuri.

Chai Maziwa:
Kwani viwanja Chongoleani sasa hivi vinauzwaje? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

Mdigo wa Mwambani:
Rafiki yako amechelewa. Na kabla hajalipa aulize kama chini kuna mwamba, na aje maji ya bamvua aone mpaka wa bahari mwenyewe, sio aliochorewa na dalali kwenye karatasi.